Jinsi ya Kuisoma Adhama katika Ushairi wa Kiingereza, Kant Akiwa Pembeni

Mashairi ya Kiingereza ninayoyarudia mara kwa mara yana tabia moja: katikati yake mshairi anazidiwa. Anatazama mlima, korongo au bahari, maneno yanamtiririka, kisha ghafla jicho linakwama. Haoni tena, au anaona lakini anachokiona hakikusanyiki kichwani. Halafu, ndani ya mishororo michache, nafsini mwake kinainuka kitu ambacho mwanzoni mwa shairi hakikuwa na dalili. Hali hiyo nzima, kuzidiwa na kuinuka, ndiyo adhama (kwa Kiingereza *the sublime*) ninayoizungumzia hapa. Uzuri ni jambo jingine. Ua zuri huyatuliza macho. Adhama huyashinda kwanza.

Msomaji mgeni hudhani kazi yake ni kuorodhesha vitu vikubwa: kilele hiki, radi ile, maporomoko yale. Nakusihi usifanye hivyo. Karne ya 18 ina mashairi tele yaliyojaa majabali na dhoruba ambayo hayamtikisi mtu. Tafuta mahali mshairi anaposhindwa, patie alama, kisha soma kwenda mbele na kurudi nyuma kutoka hapo. Kwa kazi hii falsafa ya Kijerumani, hasa ya Immanuel Kant, inasaidia kuliko zana yoyote ninayoijua, mradi uitumie kulipima shairi, na shairi nalo ulitumie kuipima falsafa.

Shairi litangulie

Anza na William Wordsworth, *The Prelude*, shairi refu kuhusu maisha yake mwenyewe lililogawanywa katika vitabu, kitabu cha 6, sehemu ya kuvuka njia ya Simplon katika milima ya Alps. Chukua toleo la 1805, si lile la 1850 lililotoka baada ya kifo chake. La 1805 bado lina mishtuko yake, halijalainishwa. Kant atasubiri. Anayeanza na Kant huliendea shairi akitafuta mifano, na shairi lililogeuzwa mfano halisemi tena na msomaji.

Soma kwa sauti. Mishororo haina vina, ila kila mmoja una mizani kumi hivi, na sentensi huvuka kutoka mshororo mmoja hadi mwingine. Usipumzike mwishoni mwa mshororo. Pumzika palipo na kituo. Sentensi ndefu za Wordsworth zinakumaliza pumzi, na kuishiwa pumzi huko ni sehemu ya maana. Kisha shika penseli utie alama mahali patatu: pale macho yanapofanya kazi vizuri, pale yanaposhindwa, na pale kitu kingine kinapochukua nafasi yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Agosti 1790 Wordsworth, kijana wa miaka 20, alikuwa akivuka Alps kwa miguu pamoja na Robert Jones, mwenzake wa chuo. Walikula mchana na wasafiri wengine, wakaachwa nyuma, kisha wakashika njia iliyoonekana kupanda zaidi. Walikuwa na kiu ya vilele. Njiani wakakutana na mkulima, wakamuuliza, naye akawaambia warudi chini kwenye kijito na kufuata maji yanakotelemkia. Hawakutaka kuamini, wakamuuliza tena na tena. Majibu yake yote yalikuwa na maana moja: walikuwa wamekwisha kuivuka Alps bila kujua.

Hapo ndipo penseli isimame. Bila kuaga, Wordsworth anaiacha safari na kuanza kusema na nguvu ya taswira, ile nguvu ya nafsi inayoumba picha. Imeinuka mbele ya wimbo wake kama mvuke usio na baba. Amepotea ndani yake kama ndani ya wingu, amesimama bila hata kujaribu kupenya. Na sasa, akirudiwa na fahamu, anaiambia nafsi yake kwamba anautambua utukufu wake. Uliza: hii “sasa” ni ya lini? Si ya 1790. Ni ya 1804, anapotunga. Mlima wenyewe haukumpa ila masikitiko. Kilichomjia kilimjia miaka 14 baadaye, alipojaribu kueleza jinsi alivyokosa alichokifuata. Wasomaji wengi hupita hapa mbio kwa sababu wanangojea mandhari, na mandhari yanakuja kweli: korongo la Gondo, misitu inayooza isiyomalizika kuoza, maporomoko yaliyosimama, pepo zinazogongana, miamba inayonena kando ya njia. Ni mishororo mikuu. Lakini isome ukijua kwamba inakuja baada ya kushindwa, na kwamba mshairi anayeiona dunia hivyo, vitu vyote vikiwa kama sura za uso mmoja, ni yule ambaye macho yake yamekwisha kumwangusha.

Kurasa chache za Kant

Sasa fungua falsafa. Kabla ya Kant pitia kwa haraka kwa Edmund Burke, Mwairishi aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu adhama na uzuri mwaka 1757. Burke anasema chanzo cha adhama ni hofu: kitu kinachotishia uhai wetu, tukiwa mbali nacho kiasi cha kutodhurika, hutupa raha ya ajabu. Giza, ukubwa, utupu na ukimya huiongeza. Mfano wake mkuu ni picha ya Mauti katika *Paradise Lost* ya Milton, umbo lisilo na umbo. Burke anaeleza yote kwa mwili na mishipa. Kitabu chake kilifika Ujerumani mapema. Mwanafalsafa Moses Mendelssohn alikiandikia tathmini mwaka 1758, na mwenzake Christian Garve akakitafsiri mwaka 1773. Kwa hiyo njia kati ya nchi hizi mbili ilipitika pande zote, na aliyeanza kupeleka mzigo ni upande wa Kiingereza.

Immanuel Kant anaijibu hoja hiyo katika *Kritik der Urteilskraft*, kitabu chake cha 1790, mwaka uleule Wordsworth alipokuwa Simplon. Usijaribu kukisoma chote. Soma vifungu vya 23 hadi 29 tu, na uanze na cha 28, ambacho ni rahisi zaidi: majabali yanayoning’inia, mawingu ya radi, volkano, kimbunga, bahari isiyo na mwisho. Mbele ya hivyo, asema Kant, nguvu zetu za mwili si kitu. Lakini tukiwa mahali salama tunagundua kwamba ndani yetu upo uwezo wa aina nyingine kabisa, ambao maumbile hayawezi kuuamrisha: uwezo wa kushika lililo haki hata tukitishiwa mali, afya na uhai. Hii anaiita adhama ya nguvu.

Kisha rudi kwenye kifungu cha 26, adhama ya ukubwa. Hapa anaeleza kinachotokea akilini tukitazama kitu kikubwa mno. Jicho linaweza kuongeza kipande juu ya kipande bila kikomo, ila nguvu ya taswira haiwezi kuvishika vyote kwa pamoja. Ni kama kuteka maji kwa viganja, yanayoingia yanayatoa yaliyotangulia. Na bado akili inadai kitu kizima. Dai hilo ndilo linalotuumiza, na ndilo linalotufurahisha, kwa kuwa kiumbe anayeweza kudai ukamilifu ambao hisi zake haziwezi kuufikia ana kitu kisichotoka kwenye hisi. Kwa Kant, basi, adhama haimo mlimani. Bahari iliyochafuka ni ya kutisha tu, anasema waziwazi; tunaipa bahari heshima ambayo kwa kweli inaihusu nafsi yetu wenyewe.

Katika kifungu hichohicho kuna ushauri ninaoutumia kwa kila shairi. Kant anaupokea kutoka kwa msafiri Savary: ukitaka kuzionja piramidi za Misri, usikae karibu mno wala mbali mno. Mbali, mawe hayaonekani vizuri. Karibu, jicho linachukua muda kupanda kutoka chini hadi juu, na kabla halijafika limekwisha kusahau lilipoanzia. Kwa hiyo uliza daima: mshairi amesimama wapi? Shelley, katika “Mont Blanc”, shairi tutakalolifikia baadaye, yuko juu ya daraja, korongo la mto Arve likiwa chini yake. Wordsworth yuko ndani kabisa ya korongo la Gondo, anatembea. Majibu hayo mawili peke yake yanaeleza mengi kuhusu sauti zao.

Ukimaliza, mrudishe Kant Simplon, na hapo ndipo kazi inapokuwa tamu. Wanafanana: hisi zinazimika na kitu cha juu kinajitokeza. Wordsworth anasema nuru ya hisi inazima kwa mimweko inayotuonyesha ulimwengu usioonekana, sentensi ambayo Kant angeweza kuiwekea sahihi. Lakini tazama nani anashinda. Kwa Kant nguvu ya taswira ndiyo inayoanguka, na akili ndiyo inayosimama. Kwa Wordsworth nguvu ya taswira ndiyo mshindi mwenyewe, na kitabu cha 13 kinafika mbali zaidi: kinasema hiyo ni jina jingine la akili ikiwa katika hali yake ya juu kabisa. Tofauti hii si ndogo. Mwanafalsafa aliweka ngazi mbili, mshairi akazifanya moja. Ukimsoma Wordsworth kama mwanafunzi mtiifu wa Kant utaikosa kabisa, nami naiona ndiyo hoja kuu ya ushairi wake.

Pale Kant hatoshi

Fungua kitabu cha 1 cha shairi hilohilo, mahali mtoto anapoiba mashua usiku. Anapiga makasia akiwa na furaha ya wizi, macho kwenye kilele, na nyuma ya kilele hicho kinainuka kingine kikubwa zaidi, kinamfuata kwa hatua ndefu kama chenye uhai. Anageuza mashua akitetemeka. Tia alama zako tatu. Ya kwanza na ya pili utazipata bila shida. Ya tatu hutaipata. Mtoto hainuki. Kwa siku nyingi akilini mwake hakuna sura za kawaida, wala miti, wala rangi za mashamba, bali maumbo makuu yasiyoishi kama watu wanavyoishi, nayo yanazisumbua ndoto zake. Hapa Burke anaona mbali kuliko Kant. Hofu imeingia mwilini na haijageuka kuwa ushindi wa akili. Usilazimishe. Kuna walimu wanaosema mtoto “amepata fundisho la maadili” kwa sababu Kant anataka maadili yaonekane mwishoni, na shairi halisemi hivyo.

Kisha kuna wakulima wawili ambao hupenda kuwaweka pamoja. Wa Simplon umemwona. Wa pili yumo katika kifungu cha 29 cha Kant, ambaye amemchukua kutoka kwa Saussure, mtafiti wa milima kutoka Geneva: mkulima wa Savoy, mtu mwenye akili timamu, aliyewaita wapumbavu wote wanaoipenda milima ya barafu. Kant anamtumia kuonyesha kwamba mtu ambaye mawazo ya kimaadili hayajakuzwa ndani yake anaona kitisho tu mahali palipo na adhama. Hapa napingana na Kant kwa moyo wote. Mkulima yule aliijua barafu kwa maisha yake. Kant hakuwahi kuiona Alps. Aliishi Königsberg na jirani zake maisha yake yote. Yule anayesema mlima unaua hajakosa kitu, na shairi kubwa lolote la milimani halina budi kumpa nafasi.

Bonde moja, mashairi mawili

Zoezi bora ninalolijua ni kusoma mashairi mawili kuhusu Chamonix, chini ya Mont Blanc, kwa kikao kimoja.

La kwanza ni “Hymn Before Sun-rise, in the Vale of Chamouni” la Samuel Taylor Coleridge, lililotoka katika gazeti la *Morning Post* Septemba 1802. Coleridge hakuwahi kufika Chamonix. Agosti ya mwaka huo alikuwa amepanda Scafell, mlima wa kaskazini mwa Uingereza, na shairi lake limejengwa juu ya shairi fupi la Kijerumani la Friederike Brun, ambalo hakulitaja. Kwa hiyo uhusiano na Ujerumani hapa ni wa moja kwa moja, na si wa falsafa tu. Soma mishororo ya mwanzo polepole. Mzungumzaji anautazama mlima wa kimya mpaka, ingawa bado uko mbele ya macho yake, unatoweka mawazoni, naye anabaki akimwabudu Asiyeonekana peke yake. Hiyo ni adhama kamili, mishororo minne tu. Baada ya hapo anauliza nani aliyeyafanya yote haya, na mito ya barafu, maua, tai na radi zote zinajibu: Mungu. Imani yake siigombi. Ninachosema ni kwamba shairi limekwisha kufika kileleni mapema, na kelele zinazofuata zinafunika kimya kilichokuwa na nguvu kuliko jibu.

La pili ni “Mont Blanc” la Percy Bysshe Shelley, lililotungwa Julai 1816 na kuchapishwa 1817. Lina mishororo 144 katika sehemu tano. Usikimbilie mwisho. Kaa na sehemu ya 4, ambamo mito ya barafu inatambaa kama nyoka wanaovizia, inang’oa misonobari, inanyang’anya wadudu, wanyama na ndege makao yao, na binadamu anakimbia mbali, kazi yake na nyumba yake vikitoweka kama moshi. Huyu hapa mkulima wa Savoy amepewa haki yake. Kisha sehemu ya 5 inapanda hadi kileleni, ambako theluji inaanguka na hakuna anayeiona, na shairi linafunga kwa swali kwa mlima: ungekuwa nini wewe, na dunia, na nyota, na bahari, kama kwa fikra za binadamu ukimya na upweke vingekuwa utupu tu?

Liache swali liwe swali. Msomaji aliyetoka kwa Kant atataka kulijibu haraka: bila akili ya binadamu mlima si kitu, basi akili imeshinda. Lakini mishororo mitatu kabla ya hapo Shelley amesema kwamba nguvu ya siri ya vitu, inayotawala fikra na kuwa sheria kwa mbingu, inakaa ndani ya mlima huo. Mambo hayo mawili yanavutana, na shairi limejengwa ili yaendelee kuvutana.

Nani alisoma nini

Ukitaka kuandika kwamba mshairi fulani alichota kutoka kwa Wajerumani, angalia tarehe kwanza, kisha njia ambayo wazo lingeweza kupitia. “Tintern Abbey” la Wordsworth, lenye ile hisia ya adhama ya kitu kilichopenya kwa kina machweo, bahari na akili ya mtu, limewekwa tarehe 13 Julai 1798. Wordsworth, dada yake Dorothy na Coleridge walipanda meli kwenda Hamburg tarehe 16 Septemba mwaka huo. Usilieleze shairi la Julai kwa safari ya Septemba.

Safari yenyewe iliwatenganisha. Coleridge, aliyekuwa na posho ya pauni 150 kwa mwaka kutoka kwa ndugu wa Wedgwood, wafadhili wake, alikwenda Ratzeburg kujifunza lugha na baadaye Göttingen kusikiliza mihadhara. Wordsworth na Dorothy walikwama Goslar katika baridi kali, na huko alitunga vipande vya kwanza vya *The Prelude*, kile cha mashua kikiwemo. Yaani Ujerumani ilimpa Wordsworth upweke, kumbi za chuo kikuu zikawa fungu la mwenzake. Falsafa ilimfikia Wordsworth zaidi kwa mdomo wa Coleridge, matembezini.

Coleridge ndiye mlango wenyewe. Alimsoma Kant kwa Kijerumani, na ilikuwa lazima, kwani *Kritik der Urteilskraft* nzima ilipata tafsiri ya Kiingereza mwaka 1892 tu, ya J. H. Bernard. Aliandika kwamba maandishi ya Kant yalimshika kama kwa mkono wa jitu. Alitafsiri tamthilia za Schiller kuhusu Wallenstein mwaka 1800. Lakini uangalifu unahitajika na *Biographia Literaria*, kitabu chake cha 1817 kuhusu maisha na fikra zake za uandishi: sura ya 12 ina kurasa zilizochukuliwa kutoka kwa mwanafalsafa Mjerumani Schelling bila kutajwa ipasavyo, jambo ambalo mwandishi De Quincey alilifichua mwaka 1834 na mwanafalsafa Ferrier akalithibitisha mwaka 1840. Ukinukuu hapo, hakikisha unamnukuu nani.

Kwa Shelley njia ni nyingine. Mawazo yake kuhusu akili na vitu yanatoka kwa wenye shaka wa Uingereza, hasa William Drummond, ambaye kitabu chake cha 1805 kilimpinga Kant. Ndiyo maana “Mont Blanc” linasikika kama linabishana na Königsberg kuliko kukubaliana nayo.

Na John Keats, katika barua ya Oktoba 1818, aliitofautisha tabia yake ya ushairi na ile ya Wordsworth, ambayo aliiita adhama ya nafsi inayojiona. Weka hukumu hiyo pembeni ya kifungu cha 28 cha Kant. Ikiwa kila mlima unaishia kuthibitisha ukuu wangu, je, mlima umebaki wapi? Keats hakuhitaji kumsoma Kant ili aliulize swali linalomhusu.

Ukishazoea, jipime na shairi lililotangulia kitabu cha Kant kwa miaka 17: “A Summer Evening’s Meditation” la Anna Letitia Barbauld, la 1773. Mzungumzaji anasafiri kwa mawazo kutoka bustanini usiku, anapita sayari moja baada ya nyingine, Zohali ikiwa nyuma yake, hadi ukingoni ambako jua hazijaumbwa. Hapo nafsi inashusha bawa lililochoka na kurudi mahali inapopajua. Alama ya pili ipo wazi. Kuhusu ya tatu, wengi husema haipo, kwamba mwanamke huyu amerudi nyuma pale wanaume waliomfuata walipoinuka. Siafiki. Anasema atangoja kwa ridhaa na shukrani saa iliyopangwa, ambapo fahari zote hizo zitasimama mbele yake bila pazia, na hiyo ni kuinuka kulikoahirishwa kwa hiari. Mpangilio wa Kant hauna nafasi ya subira ya namna hiyo, kwa sababu kwake akili lazima ishinde papo hapo, jicho linapoanguka.